Aundaye Chombo Akijaribu Mwenyewe

Msomaji ashukaye kutoka Pasiansi kuelekea ziwani, upande ule ambako ndege za kiwanja cha Mwanza hupita chini chini, hufika mahali ambapo mbao zimeegemezwa juu ya mawe na mlio wa tezo na nyundo haukatiki tangu alfajiri. Hapo huundwa mitumbwi. Hapana mchoro wala meza ya kuchorea. Vipimo vyote vimo katika futikamba moja iliyochakaa, uzi wenye mafundo, na kichwa cha fundi. Hata hivyo kila mtumbwi huwa na mwenyewe kabla haujawa na mkuku, na fundi humhoji mwenyewe huyo kama daktari amhojivyo mgonjwa. Utavua dagaa usiku kwa taa, au utakwenda mbali kutega nyavu za sangara? Mtapanda wangapi? Ni makasia au injini? Pwani ya kwenu ni mchanga au majabali? Kutokana na majibu hayo huamuliwa upana wa chombo, kimo cha mbavu zake, na tezi iwe ya ncha au bapa.

Nakusudia kuwaeleza walimu wenzangu na wanafunzi juu ya siku ya majaribio, kwa kuwa naamini siku hiyo ndiyo somo la fizikia lililo bora kuliko mengi tuyafundishayo darasani, nasi tunaliacha lipite bila kuliandika.

Siku hiyo fundi huingia chomboni wa kwanza, peke yake, katika maji yafikayo kiunoni. Husimama katikati akautikisa mtumbwi kwa miguu yake miwili na kusikiliza unavyorudi. Hutembea kutoka omo hadi tezi akitazama mstari wa maji unavyopanda na kushuka. Hupapasa kila mahali palipotiwa kalafati. Kisha huwaita vijana wanne wakakaa wote ubavu mmoja. Baada ya hapo hupakia mawe, na mwisho, alasiri, wakati upepo wa ziwani umekwisha kuamka, hupiga makasia mpaka nje ya majabali, kwenye yale mawimbi mafupi yenye kusimama wima ambayo kila mvuvi wa Ziwa Viktoria anayajua. Akirudi, aghalabu huhamisha ubao mmoja wa kukalia, au huushusha. Mara chache huchukua randa akapunguza mkuku. Mteja hakabidhiwi chombo ila baada ya hayo.

Niliwahi kuiona desturi iyo hiyo mbali sana na hapa. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari katika nchi moja ya milima ya Alpi, jirani yangu alikuwa na karakana ndogo ya kutengeneza mbao za kutelezea theluji, moja moja, kwa maagizo ya wateja. Ubao huo una moyo wa mti, umevikwa nyuzi za kioo kwa gundi, na kingo zake ni za chuma. Ukiutazama kutoka juu utaona kuwa kiuno chake ni chembamba kuliko ncha zake, yaani kila ukingo ni kipande cha duara kubwa. Mpandaji akiulaza ubavu, ukingo huuma theluji, ubao hupindika, na safari yake hufuata tao. Wanafunzi wanaosoma trigonometria watapendezwa na hesabu yake. Ikiwa nusukipenyo cha tao lililokatwa ubavuni ni mita 12, na ubao umelazwa kwa nyuzi 60 juu ya theluji ngumu, basi kona itakayopigwa ina nusukipenyo cha takriban mita 6, kwa kuwa kosaini ya nyuzi 60 ni nusu. Lakini hesabu hiyo ni kweli ikiwa tu ubao umekubali kupindika kiasi kinachotakiwa, na kupindika huko hutegemea uzito wa mtu. Kwa hiyo fundi yule alimwuliza kila mteja uzito wake, na urefu wa kiatu chake pia, ili kidole cha mguu kisije kikaburura theluji wakati ubao umelala. Ubao ukikamilika aliuchukua mwenyewe, akapanda nao mlimani, akateleza nao mchana kutwa kabla ya mwenyewe kuugusa.

Kwa hayo yote hakumzidi fundi wetu wa Pasiansi. Alimzidi kwa kitu kimoja tu. Jioni, vidole vikiwa bado vimekufa ganzi kwa baridi, alifungua daftari akaandika.

Yamkini msomaji atasema kwamba mwenye elimu hana haja ya kujaribu, maana chombo kizuri hutoka katika hesabu. Historia haiungi mkono maneno hayo. Mwaka 1628, huko Stockholm, kabla merikebu ya kivita Vasa haijafunga safari yake ya kwanza, mabaharia 30 waliamriwa wakimbie pamoja kutoka ubavu hadi ubavu. Baada ya kukimbia mara tatu merikebu iliyumba hata amiri aliyekuwapo akalisimamisha jaribio, akihofia isije ikapinduka papo hapo gatini. Muundaji wake mkuu alikuwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Tarehe 10 Agosti merikebu iliondoka hivyo hivyo. Upepo ukailaza, maji yakaingia kwa matundu ya mizinga, ikazama kabla ya kumaliza hata maili moja. Jaribio lilikuwa limesema kweli kabisa. Aliyekosekana ni mtu ambaye chombo kile kilikuwa chake cha kujibia.

Nadharia yenyewe ilikuja baadaye. Mfaransa Pierre Bouguer, katika kitabu chake cha mwaka 1746 juu ya merikebu, ndiye aliyeipa dunia nukta iitwayo metasenta. Chombo kikiinama, maji yaliyosukumwa hubadili umbo, na kani inayokiinua huhamia upande ulioinama. Mstari wa kani hiyo hukata mstari wa katikati ya chombo katika nukta hiyo. Ikiwa metasenta iko juu ya kitovu cha uzito, chombo hurudi chenyewe. Ikiwa chini yake, chombo hupinduka. Umbali kati ya nukta hizo mbili, ambao nitauita kimo cha metasenta, ndio kipimo cha usalama wa abiria. Na katika kimo hicho upana wa chombo huingia kwa mchemraba wake: ukipunguza upana kwa sehemu moja ya kumi, umepoteza zaidi ya robo ya mchango wake.

Mimi nayajua hayo kwa nadharia na kwa aibu pia. Miaka kadhaa iliyopita, kikundi cha walimu na wanafunzi tulitaka mtumbwi wa kushindana makasia. Nilikaa mezani usiku mmoja nikapiga hesabu. Nilijua kwamba kasi ambayo chombo huanza kuelemewa na mawimbi yake chenyewe, kwa mita kwa sekunde, ni takriban 1.25 mara kipeuo cha pili cha urefu wake kwa mita. Kwa hiyo mtumbwi wa mita 9 una kikomo cha karibu mita 3.75 kwa sekunde, yaani kilomita 13 na nusu kwa saa. Nilijua pia kuwa chombo chembamba hukata maji kwa wepesi. Nikampelekea fundi mchoro safi, urefu mita 9, upana mita 1. Akautazama kwa heshima, akasema yeye angeweka mita 1.2. Nikamweleza habari za msuguano wa maji. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, hesabu yako haina watu.”

Sikumwelewa. Aliunda kama nilivyotaka, maana fedha ilikuwa yetu, ila alishika sharti lake la kujaribu, tena katika maji ya kiunoni. Tulipoweka mifuko ya mchanga sakafuni, mtumbwi ulitulia kama meza, nami nikatabasamu. Kisha wakaingia wapiga makasia kumi wakaketi mahali pao. Hawakuwa wamegusa hata kasia moja. Chombo kilisita, kikaelemea kulia taratibu, kikawamwaga wote majini, na miwani yangu pamoja nao. Hakuumia mtu. Katika karatasi zangu nilikuwa nimeuweka uzito wa wapiga makasia sakafuni kama ule mchanga, ilhali mtu huketi juu ya ubao, na kitovu cha uzito wake kipo juu zaidi bado, tumboni. Kwa kosa hilo metasenta ya mtumbwi wangu ilikuwa chini ya kitovu cha uzito tangu siku nilipouchora.

Fundi alifungua mbao, akatoa mataruma yote akaweka mapya yaliyotanuka zaidi, kazi ya majuma mawili. Safari hii nilimwomba ruhusa ya kuongeza jambo langu katika majaribio yake. Tuliwapima wapiga makasia wote kwa mizani ya samaki, wakafika kilo 650; mtumbwi wenyewe, kutokana na kina ulichozama, tuliukadiria kilo 350. Jumla kilo 1,000. Tulitundika timazi yenye uzi wa mita 1 juu ya rula iliyolazwa. Watu wakatulia, na mfuko wa mchanga wa kilo 25 ukahamishwa umbali wa sentimita 80 kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Timazi ilisogea sentimita 10. Kanuni ni hii: uzito uliohamishwa mara umbali wake, gawanya kwa uzito wote mara tanjenti ya pembe ya mwinamo. Yaani 25 mara 0.8 ni 20. 1,000 mara 0.1 ni 100. 20 kwa 100 ni mita 0.2. Kimo cha metasenta kilikuwa sentimita 20. Katika somo zima la Archimedes, ambalo wanafunzi wetu huanza nalo katika vidato vya mwanzo kwa kuzamisha jiwe katika gilasi, sijui jaribio lenye maana kubwa kuliko hili, na vifaa vyake havifiki bei ya mfuko mmoja wa saruji.

Wanaoishi kando ya ziwa hili hawahitaji kuelezwa kwa nini hesabu hiyo si mchezo. Mv Bukoba ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikaondoka na mamia ya watu. Mv Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Ilikuwa imeruhusiwa abiria 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Hizo zilikuwa meli za chuma zenye vyeti, na sababu za maafa yao hazifanani na za mtumbwi wangu wa mashindano. Lakini abiria anaposimama ili aone jambo upande wa pili, fizikia inayofanya kazi ni ileile moja, na ni vijana wangapi waliomaliza shule Ilemela, Ukerewe au Sengerema wanaoweza kueleza kwa nini waketi?

Nisieleweke kwamba namtukuza fundi kwa kila jambo. Ujuzi wake umetokana na makasia na tanga, na ndani ya mipaka hiyo ni wa kutegemewa. Injini ya kupachika nyuma imeleta uzito na msukumo ambao mikono ya baba yake haikuufahamu: omo hunyanyuka, tezi huzama, na chombo kilichopimwa kwa mwendo wa kasia hupigishwa wimbi kwa mwendo mara mbili au tatu ya huo. Nimewaona mafundi wakikisia. Baadhi hukisia vyema. Asiyekisia vyema hana daftari la mwenzake la kumwonya, na aliyekisia vyema akifa, hukumu zake zote za miaka arobaini huzikwa pamoja naye.

Kwa hiyo napendekeza jambo lililo wazi. Kila shule ya sekondari iliyo karibu na mwalo ifanye mapatano na fundi mmoja, na kila mtumbwi mpya usitoke pwani kabla ya wanafunzi kuupima kwa timazi, katika maji mafupi na tulivu, kila mmoja akiwa amevaa boya lake. Urefu, upana, kina cha kuzama, watu wangapi, timazi ilisogea kiasi gani, na fundi mwenyewe alisema nini alipotoka kujaribu. Nakala moja ibaki shuleni, moja kwa fundi. Hapana haja ya kungoja fedha ya mradi. Baada ya miaka kumi tutakuwa na kitabu cha vyombo vya ziwa hili kilichoandikwa na watoto wa ziwa hili, na mwanafunzi wa uhandisi atakayetaka kuchora mtumbwi wa injini hataanzia, kama mimi, kwenye karatasi tupu.

Wapo watakaosema fundi hatakubali, kwamba ataona twampeleleza. Sikuona hivyo. Nilipomtajia ile namba aliuliza mtumbwi wa dagaa wa siku ile ya mwanzo ungepata ngapi, na ule wa mteja wa Ukerewe aliokuwa akiuunda wakati huo ungepata ngapi. Akachukua mkaa, akaandika 20 kwenye taruma la mbele, upande wa ndani ambao rangi haifiki. Siku ya mashindano tulikuwa wa nne kati ya sita. Timazi yangu bado anayo.