Mtoto akiita usiku, nani anaamka?

UBAO NA CHAKI
Na Eliakimu Mbwambo

Samweli alipelekwa bweni angali mdogo. Mama yake, Hana, alimkabidhi kwa kuhani Eli kule Shilo, kisha akawa anakwenda kumwona kila mwaka, na kila safari anambebea kanzu ndogo aliyomshonea mwenyewe. Mzazi aliyewahi kupanga foleni getini siku ya kutembelea watoto, mkono mmoja hotipoti ya pilau na mwingine sweta jipya, anamfahamu Hana vizuri.

Kisa hicho nakirudia kila ninapoalikwa kuzungumza na walimu wa shule za msingi za kanisa, kwa sababu kina jambo ambalo wengi tunalipita mbio. Samweli alitumika hekaluni, akalala humo lilimokaa sanduku la agano, na asubuhi ndiye aliyefungua milango. Hata hivyo Biblia inasema waziwazi kwamba alikuwa bado hajamjua Bwana. Ibada ilikuwapo, mlezi wa kiroho alikuwapo, mazingira ya dini ndiyo usiseme. Kumjua Mungu kulikuwa bado.

Shule zetu nyingi zinaridhika ratiba ikishajaa sala. Katika shule moja niliyofundisha, mtoto aliyeshindwa kusema mstari wa wiki alipigishwa magoti kwenye changarawe mpaka wenzake wamalize uji. Nilikuwa mwalimu wa zamu, nikaona ni sawa. Binti mmoja wa darasa la tatu hakuwahi kukosa mstari hata mara moja. Jumamosi moja nilimkuta nyuma ya bweni anafua soksi. Akaniamkia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwalimu, bibi alikuwa anasali kila siku. Mbona Mungu hakumponya?"

Nikamwambia Mungu hahojiwi.

"Ndiyo, mwalimu," akasema, akainamia beseni lake. Hakuniuliza tena swali la Mungu mpaka alipomaliza la saba, na mistari akaendelea kuisema bila kukosea.

Jibu lile linaniuma hadi leo. Yesu mwenyewe, akiwa na miaka 12, umri wa darasa la sita au la saba, alikutwa hekaluni ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Luka haandiki popote kwamba kuna mwalimu aliyemkemea. Na huku kwetu imani iliingia ikiwa imeshikana na kusoma. Buganda, Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Wakikuyu wakawaita athomi, maana ni ileile. Mtu alishika kitabu ili amtafute Mungu.

Siku hizi tumegeuza: mtoto anamtafuta Mungu ili afaulu. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023, lakini mabango ya shule za kanisa bado yanahesabu alama A, na ibada kubwa kuliko zote kwa mwaka ni ile ya kuombea mtihani wa la saba. Sipingi kuombea mtihani. Nauliza tu, aliyeombewa akapata C amefundishwa nini kuhusu Mungu?

Viboko navyo. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinaruhusu visizidi vinne, tena kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi. Hiyo ni ruhusa, si amri. Shule ya kanisa ilipaswa kuwa ya kwanza kuviacha, kwa kuwa mtoto aliyechapwa saa mbili hawezi kusadiki habari za Baba mwenye upendo saa nne.

Turudi kwa Eli. Mzee yule aliamshwa mara tatu usiku mmoja na Samweli, aliyedhani ni yeye anayemwita, wala hakumgombeza mtoto. Mara ya tatu akatambua anayeita ni Mungu, akamfundisha Samweli maneno machache ya kujibu, akamrudisha kitandani. Hakwenda kusimama kando yake amjibie. Kulipokucha akamwomba amweleze yote, asimfiche neno. Habari ilikuwa mbaya, tena iliihusu nyumba ya Eli mwenyewe, naye akaipokea kutoka kinywani mwa mtoto. Wanawe wa kuwazaa walimshinda, hilo halifichiki, lakini usiku ule alikuwa mlezi kweli.

Nimemwona matroni wa namna hiyo. Aliwahi kumsingizia mtoto wizi wa sabuni. Ukweli ulipojulikana, akamwomba radhi mbele ya bweni zima, magoti yamegusa sakafu. Watoto wale walijifunza toba zaidi siku hiyo kuliko katika vipindi vyangu vyote vya dini.

Mzazi mwenzangu, usidhani namsemea mwalimu peke yake. Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Usiku wa mtoto wa darasa la pili sasa ni wetu. Na kwa aliye darasa la tano kwenda juu, Januari ukienda kumtafutia nafasi, acha kwanza kuuliza shule imekuwa ya ngapi kimkoa. Muulize mwalimu mkuu mtoto akilia saa nane za usiku anaamka nani, na umwombe akuonyeshe mtu huyo.