Biashara Yako Isiishi Ndani ya Simu Moja

Hebu tuseme una duka la sare za shule pale Nakuru. Ni Jumamosi ya kwanza ya Januari, shule zinafunguliwa Jumatatu, na tangu asubuhi hujapata hata nafasi ya kunywa chai. Saa kumi na mbili jioni unapanda matatu kwenda nyumbani. Dirisha liko wazi. Kabla gari halijatoka stejini, mkono unaingia na simu inaenda.

Simu yenyewe ni ya elfu kumi na tano. Inauma, lakini hiyo si hasara kubwa. Hasara kubwa ni kile kilichokuwa ndani. Wateja hutuma pesa kwa laini hiyo. Vipimo vya watoto viko kwenye WhatsApp, vingine vimepigwa picha kwenye karatasi. Wazazi arobaini wamelipa nusu na watakuja kesho kumaliza. Namba ya fundi anayeshona nembo iko humo, na ya muuzaji wa jumla wa Eastleigh pia.

Jumapili asubuhi mhudumu wako anafungua duka. Mzazi wa kwanza anaingia: "Nilituma elfu mbili juzi, angalia." Mhudumu hawezi kuangalia. Wa pili anaulizia sweta ya mtoto wake, na hakuna anayejua ni saizi gani. Rafu zimejaa bidhaa, wateja wako mlangoni na pesa wanazo, lakini duka limesimama.

Mfano huu tumeutunga sisi, ila vipande vyake si vya kutunga. Ni mambo tunayoyasikia kwa wateja wetu kila msimu: simu imeibiwa, laini imezuiwa, mwenye duka amelazwa hospitalini, aliyefungua ukurasa wa Facebook ameenda Qatar na nenosiri. Ndiyo maana leo tunataka kusema jambo ambalo huenda hukulitarajia kutoka kwa kampuni inayouza huduma za kidijitali. Biashara ndogo nyingi hazihitaji programu nyingine mpya. Zinahitaji kwanza kutoka ndani ya simu ya mtu mmoja.

Tulifikaje hapa

Hakuna haja ya kumlaumu mfanyabiashara. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ilikuwa njia ya mtu kumtumia mtu pesa. Haikuundwa kwa ajili ya duka. Wafanyabiashara wenyewe ndio walioanza kupokea malipo kwa laini zao, wakiwaambia wateja "tuma na ya kutoa". Huo ulikuwa ubunifu wa kweli, na ulitoka sokoni, haukutoka ofisini. Lipa na M-Pesa ilikuja 2013, na kufikia wakati huo laini ya mwenye duka ilikuwa tayari ndiyo keshia, ndiyo daftari na ndiyo akiba.

Halafu WhatsApp ikaingia kwa laini ileile. Facebook ikaingia. Mikopo ya simu ikaingia. Kila kitu kipya kilipokuja, tulikirundika kwenye simu ileile, kwa jina lilelile, chini ya namba ya siri ileile. Leo mtu anaweza kusema biashara yake "iko online" kumbe iko mfukoni mwake tu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata daftari likiwepo, kama liko mahali pamoja na anayelisoma ni mmoja, nalo hupotea.

"Nikimpa kijana, ataniibia"

Tukizungumza na wenye maduka, hiki ndicho kizuizi cha kwanza. Si bei na si mtandao. Ni kuogopa kwamba mhudumu akiona pesa zinavyoingia, ataanza kupata mawazo.

Tunaielewa hofu hiyo. Lakini angalia kinachofanyika kwa kweli. Mwenye duka huyohuyo anayekataa mhudumu asione malipo, siku akienda mjini kununua bidhaa humwachia simu na namba ya siri. "Ukipata shida, tumia tu." Yaani aliyekataa kutoa kidogo ametoa vyote: pesa za duka, pesa za chama, akiba ya karo, na uwezo wa kukopa kwa jina lake.

Huduma nyingi za till humruhusu mwenye duka kumpa mhudumu ruhusa ya kuona malipo yakiingia bila uwezo wa kutoa hata shilingi. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kuona ni kazi ya mhudumu, kutoa ni kazi yako. Na kila malipo yakiandikwa kwa mfumo, na jioni yalinganishwe na mauzo, mwizi ana nafasi ndogo kuliko pale ambapo hesabu iko kichwani mwako.

Kuna faida nyingine, hasa kwa mhudumu mwenyewe. Mteja anakuja na haraka, ananunua sare za elfu tatu mia tano, anaonyesha meseji kwenye simu yake na kusema ameshalipa. Mhudumu asiyeweza kuona malipo ana njia mbili: aamini meseji, au akupigie. "Bosi, kuna pesa imeingia?" Wewe uko kwa foleni ya benki, simu iko kimya. Wateja nyuma wanaanza kunung'unika. Mwishowe anaachilia mzigo, na meseji ilikuwa feki. Nani atalipa? Mara nyingi ni yeye, kwenye mshahara. Si haki mtu alipie kosa ambalo hakupewa kifaa cha kulizuia.

"Till itanikata, na KRA watanijua"

Hapa tuseme ukweli hata kama unatugusa. Ndiyo, kupokea kwa till kwa kawaida kuna ada inayomwangukia mwenye biashara, na kampuni kama yetu hupata sehemu yake humo. Kwa hiyo usituamini bure. Piga hesabu yako. Chukua malipo ya mwezi mmoja, ona ada ingekuwa ngapi, kisha weka upande wa pili meseji feki ulizowahi kupigwa, madeni uliyosahau, na wateja waliokwenda duka jirani kwa sababu hawakutaka kulipia gharama ya kutuma na ya kutoa. Kama ada bado ni kubwa kuliko hizo, endelea ulivyo, ila tenga hata laini ya pili kwa ajili ya duka peke yake. Kutenga ndilo jambo la msingi.

Kuhusu kodi, tangu Julai 2023 kodi ya mauzo kwa biashara ndogo ni asilimia 3 ya mauzo, kwa biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 na isiyopita milioni 25 kwa mwaka. Wengi wanadhani kukaa kwenye laini ya kibinafsi kunawaficha. Sisi tunaona ni kinyume. Malipo ya laini ya kibinafsi nayo yameandikwa, kila moja na saa yake. Tofauti ni kwamba yamechanganyika. Mchango wa matanga wa shilingi elfu themanini uliopita kwako kwa sababu wewe ni mweka hazina unafanana kabisa na mauzo. Pesa za chama zinafanana na mauzo. Ndugu aliyekurudishia deni anafanana na mteja. Ukiulizwa, utamwonyesha nani ipi ni ipi? Aliyetenga ana jibu la ukurasa mmoja. Aliyechanganya ana hadithi ndefu.

Ni hivyohivyo kwa mkopo. Anayekukopesha anataka kuona duka linaingiza nini kwa mwezi. Akiona karo, chama na sweta zote kwenye mstari mmoja, atakisia, na mkopeshaji akikisia hukisia chini.

Zana unazozijua zinatosha

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Hatutakupa orodha ya programu ishirini. Tutarudi kwa lile duka la sare.

Malipo yaende kwa namba ya duka, na mtu wa pili aweze kuyaona. Hili tumeshalisema.

Oda zihamie WhatsApp Business, kwa laini ya duka. Programu hii ilitoka 2018, haina malipo ya kuipakua, na wengi wanayo lakini wanaitumia kama WhatsApp ya kawaida. Tumia lebo: "amelipa nusu", "iko kwa fundi", "tayari kuchukuliwa". Tumia orodha ya bidhaa ili picha na bei zisiwe kichwani mwako. Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo kompyuta kuukuu ya dukani inaweza kusoma oda hata wewe ukiwa Eastleigh. Na uweke ile namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akiiba laini asiibe na mazungumzo.

Madeni na salio viwe kwenye daftari ambalo watu wawili wanaweza kulifungua. Kama unapenda karatasi, baki na karatasi, ila ipige picha kila jioni na uitume mahali nje ya simu yako. Kama unaweza kusogea kidogo, jedwali la Google Sheets linatosha: jina la mzazi, shule, saizi, alicholipa, kilichobaki, siku ya kuchukua. Safu sita tu.

Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili, na mmoja awe wewe mwenyewe. Kama ulifunguliwa na mpwa wako kwa barua pepe yake, mpigie leo mkiwa bado mnapatana.

Hapo kwa orodha kuna tahadhari moja. Majina ya watoto, shule zao na namba za wazazi ni data za watu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kutoa biashara ndani ya simu moja si kumwaga orodha kwa kila mtu. Mhudumu aone anachohitaji kwa kazi, akiondoka kazini ruhusa yake iondolewe siku hiyohiyo, na usiwatumie wazazi matangazo ambayo hawakukubali kupokea.

Ubunifu ni nini basi

Neno ubunifu limetumika sana mpaka limechosha. Meneja wa biashara ndogo akilisikia anafikiria droni, akili mnemba, au kijana mwenye laptopu anayetaka kumuuzia mfumo wa elfu mia mbili. Sisi hatupingi vitu hivyo. Lakini mfumo wa elfu mia mbili ukifunguka kwa nenosiri moja linalojulikana na mtu mmoja, bado ni simu ileile, ila sasa ni ghali.

Kwetu sisi, biashara imepiga hatua siku mwenyewe anaweza kwenda kumzika mzazi wake kijijini kwa siku nne, akarudi akakuta duka limeuza, oda zimetoka, na hesabu inasomeka. Hakuna atakayekupigia picha kwa hilo. Ila ndilo linalotofautisha duka na kibarua cha kujiajiri.

Na hili si la wenye maduka makubwa tu. Mama wa mboga mwenye laini mbili, moja ya soko na moja ya nyumba, na binti yake anayejua ni nani anadaiwa, yuko mbele ya mwenye duka la milioni mbili anayebeba kila kitu mfukoni.

Jaribu Jumanne moja

Kama huna uhakika biashara yako iko wapi, kuna njia ya kujua isiyokugharimu. Chagua Jumanne moja iliyopoa, si mwisho wa mwezi. Mwambie mhudumu wako mapema. Zima simu yako kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, na usikae dukani.

Ukirudi, usiulize waliuza ngapi. Uliza ni nini kilikwama. Labda ni malipo yasiyoweza kuthibitishwa. Labda ni bei ambayo ni wewe tu unayeijua. Labda ni mzazi aliyetaka salio lake. Andika yote, hata kama ni mambo kumi. Kisha rekebisha moja kila wiki, ukianza na la malipo, kwa sababu hilo ndilo linalofungia mteja nje.

Utaudhika siku hiyo, na pengine utapoteza mauzo mawili matatu. Lakini ni afadhali ujue Jumanne ya Oktoba, ukiwa umezima simu mwenyewe, kuliko Jumapili ya Januari, simu ikiwa imeenda na mtu usiyemjua na wazazi arobaini wako mlangoni.