Bia Nyeupe Si Nyeupe, na "Usafi" Si Usafi

Wasee, leo tuongee bia. Si ya kulewa, ni ya jina.

Kule Bavaria, kusini mwa Ujerumani, bia ya ngano inaitwa Weissbier, yaani bia nyeupe. Ukiimimina kwenye glasi si nyeupe hata kidogo. Ni ya manjano, ina ukungu wa hamira. Hata iko ya kahawia iliyokolea, na bado ni "nyeupe"! Kumbe ilipewa jina kwa kuwa iling'aa kuliko bia za kahawia za enzi hizo. Tena kwa Kijerumani Weizen, ngano, na weiss, nyeupe, ni maneno ya shina moja, sababu ya unga. Kwa Kiswahili huwezi kuliona hilo.

Hilo jina sina shida nalo. Shida yangu ni lingine: "sheria ya usafi wa bia" ya 1516, ile inayotumika kutangaza bia za Kijerumani. Mimi niliacha chuo, lakini kusoma sijaacha, na hii stori ya usafi siinunui.

Sheria yenyewe ilianza kwa kupanga bei. Kisha ikasema bia ni shayiri, hopsi na maji tu. Ngano, hapana. Neno "usafi" lilikuja kubandikwa 1918, miaka 400 baadaye.

Lakini ukoo mmoja wa makabaila, Degenberg, ulikuwa na ruhusa ya kutengeneza bia ya ngano. Ulipokosa mrithi 1602, ruhusa ikaangukia mtawala mwenyewe, Maximilian I, akaifanya biashara yake. Yaani ngano ya mwananchi ni kosa, ya mkubwa ni mapato. Ni 1872 ndipo Georg Schneider, mtengenezaji bia wa Munich, alipopata haki hiyo kutoka kwa Mfalme Ludwig II.

Na ile ladha ya ndizi na karafuu watu wanasifu? Hakuna ndizi wala karafuu ndani. Inatoka kwa hamira, na hamira sheria ya 1516 haikuitaja hata.

So msimamo wangu ni huu: "nyeupe" ni jina la rangi tu, halijamuumiza mtu. "Usafi" linaficha nani alikatazwa na nani aliachwa ale. Sheria ikivaa jina tamu, kwanza uliza nani haimhusu.

Mnaonaje? Nibisheni.