Simu haihudhurii mazishi kwa niaba yetu

Aghalabu wanaoandika kuhusu vijana na teknolojia huwa ama ni wazee wanaolalamika ama ni wauzaji wanaosifu bidhaa zao. Mimi si miongoni mwa hao. Ni mfanyabiashara wa viazi hapa Elburgon, bado ninahesabiwa kuwa kijana, na riziki yangu inaitegemea simu ya mkononi kuliko ninavyopenda kukiri. Ninawaandikia walimu na wanafunzi kwa sababu, kila ninapoalikwa shuleni kuwazungumzia watahiniwa kuhusu kujiajiri, swali la kwanza huwa ni lile lile: ninatumia mtandao gani kuwapata wateja? Sijawahi kuulizwa hata siku moja ninawapataje wakulima.

Kwa wasioufahamu mji wetu, uko kati ya Njoro na Molo, ubavuni mwa msitu wa Mau, katika Kaunti ya Nakuru. Ulikuzwa na reli iliyokuwa ikielekea ziwani, na zaidi ya hapo ukakuzwa na mbao. Baba yangu alikuwa mpasuaji mbao. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, misumeno ilinyamaza, na nyumba nyingi zilizoishi kwa ujira wa kila wiki zikaanza kuishi kwa mkopo wa dukani. Kuondolewa kwa marufuku hayo kulitangazwa Julai 2023. Miaka hiyo mitano ilitosha kumgeuza kijana wa mbao kuwa mwendeshaji bodaboda, mchuuzi wa karoti au, kama mimi, mnunuzi wa viazi.

Sasa, msomaji, ni lazima uielewe biashara yenyewe kidogo, la sivyo hoja yangu itaelea hewani. Viazi vinavyolimwa kwa wingi katika sehemu zetu ni vya aina ya Shangi. Wakulima huvipenda kwa kuwa hukomaa haraka, na wapishi wa chipsi na wake wa nyumbani huvipenda kwa kuwa huiva upesi. Ila vina ila moja kubwa: vikishavunwa huchipuka mapema, havingoji. Mkulima aliyevifukua leo hana miezi ya kukaa akitafuta bei nzuri. Kwa hiyo anapompa mnunuzi magunia yake, mara nyingi kwa ahadi ya kulipwa lori likirudi kutoka sokoni, anampa msimu mzima. Hana risiti wala mkataba. Anachokijua ni sura ya mnunuzi na nyumba alikozaliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na mimi daftari ninalo. Lakini mzee wa Turi anayenipa magunia ishirini kwa mkopo hajawahi kuomba kuliona.

Nilianza kwa miguu na bodaboda za kuazima. Baadaye nikapata simu ya kisasa, nikaingia katika vikundi vya wanunuzi wa Nakuru, Nairobi na Mombasa, na kwa hakika nilifaidika. Zamani dalali mmoja aliyesimama kando ya barabara ndiye aliyejua bei ya Marikiti, na alitueleza aliyotaka tuyajue. Siku hizi bei ya Marikiti na ya Kongowea ninaijua kabla ya kunywa chai ya asubuhi, na mkulima naye anaijua. Atakayewaambia wanafunzi kwamba simu ni adui wa mkulima amesahau tulivyokuwa tukinyonywa. Hili nalisema mapema ili nisidhaniwe kwamba nakusudia kuturudisha enzi za barua na kijumbe.

Mnamo mwaka 2022 mtu aliyejitambulisha kuwa mwenye maduka ya jumla jijini Nairobi aliniagiza magunia sitini. Tulikuwa tumeandikiana kwa miezi mitatu. Alinitakia heri za sikukuu, akaniuliza hali ya mama alipougua, na mimi, bila hata kulifikiria, nikamwita rafiki. Lori lilipofika, ujumbe wa malipo uliingia katika simu yangu ukiwa na sura yote ya ujumbe halisi. Nikampigia dereva ashushe mzigo. Niliangalia salio saa tatu baadaye, na fedha hazikuwemo. Yule rafiki hakupatikana tena kwa namba yoyote. Sh110,000 zilipotea, na hazikuwa zangu. Zilikuwa za wakulima saba.

Nilizunguka kwa hao saba mmoja baada ya mwingine, kwa miguu, nikiwa na aibu ambayo siwezi kuieleza. Watano nilikuwa nimezoeana nao tangu siku za bodaboda ya kuazima. Hao walinipa muda. Wawili niliowapata kupitia simu tu, ambao nilikuwa sijawahi kuketi barazani pao, walinipeleka kwa chifu, na siwalaumu, kwani hawakuwa na lolote la kunijulia isipokuwa namba. Mzee wa Turi, ambaye deni lake lilikuwa kubwa kuliko yote, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Utalipa ukipata, mwanangu. Baba yako alinipasulia mbao za nyumba hii." Mkewe akaniletea uji. Nilimaliza kulipa baada ya misimu miwili.

Ungedhani nilijifunza. Nilijifunza kuangalia salio kabla ya mzigo kushushwa, basi. Biashara iliporudi, niliongeza simu ya pili. Wakulima nikawa nawatumia kijana wa kupima na kupakia, nami nikabaki mjini katika kibanda changu nikijibu ujumbe. Nilijiambia kwamba ninaokoa wakati, na kweli niliuokoa, ingawa sikujua ninauokoa kwa ajili ya nani. Chakula cha jioni nilikula macho yakiwa kiganjani. Mama aliacha kunihadithia habari za siku, na mimi sikutambua kwamba ameacha.

Mwaka 2024 mke wa mzee wa Turi alifariki dunia. Habari ilinifikia kwa simu, na kwa simu niliijibu. Nilituma Sh3,000 za mchango wa mazishi, nikaandika maneno mazuri ya rambirambi, nikarudi kwa mteja wa Mombasa aliyekuwa akinihimiza. Katika jioni zote za matanga sikukanyaga pale. Siku ya mazishi lori langu lilikuwa likipakiwa, na nilijiona mtu mwenye udhuru.

Msimu uliofuata mzee alimuuzia mtu mwingine. Nilidhani ni bei, nikaenda mwenyewe kumwongezea. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akauliza habari za mama. Nilipotaja viazi alikaa kimya kitambo, kisha akasema bila hasira yoyote, "Pesa zako zilifika. Wewe ndiye hukufika."

Nimeyatafakari maneno hayo kwa muda mrefu, na nadhani ninaweza sasa kueleza kosa langu lilikuwa wapi. Halikuwa katika kutuma fedha. Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa hapa nchini Machi 2007, ilijaribiwa mwanzoni kama njia ya watu kulipa mikopo midogo. Wakenya wenyewe ndio walioigeuza kuwa njia ya kutumiana. Wanauchumi William Jack na Tavneet Suri waliochunguza jambo hili walionyesha, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2014, kwamba familia zilizopatwa na misukosuko kama ugonjwa au kupoteza kazi ziliweza kuendelea na matumizi yao ya kawaida iwapo zilitumia huduma hiyo, ilhali zisizoitumia zilipunguza matumizi kwa takriban asilimia 7. Kisa ni kwamba watumiaji walisaidiwa na watu wengi zaidi, walio mbali na karibu. Naam, lakini watu hao walitoka wapi? Walikuwa ni shangazi, wajomba, majirani wa utotoni na marafiki wa shule. Simu ilisafirisha udugu uliokuwapo, wala haikuuzaa. Mimi nilikuwa nikiutumia udugu uliojengwa na baba yangu kwa msumeno wake, nikiutoa kidogo kidogo kama akiba ya benki, bila kuweka chochote. Kisha nikashangaa kukuta akaunti haina kitu.

Katika mji huu jambo hilo lina uzito kuliko biashara ya mtu mmoja. Wakikuyu, Wakalenjin, Waogiek wa kule Mariashoni, Wakisii na wengine tunaishi bega kwa bega. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, sehemu za Molo na Elburgon zilikuwa miongoni mwa zilizoumia, na ujumbe mfupi wa simu ulisambaza hofu na chuki nchini kwa kasi ambayo wajumbe wa amani hawakuiweza. Waliokuwa watoto wakati huo, kama mimi, tunakumbuka pia kilichofuata: watu wasioaminiana walianza kukutana tena sokoni kwa kuwa mmoja alikuwa na asali na mwingine alikuwa na unga. Waliangaliana usoni wakipimiana. Biashara inayofanyika kiganjani pekee inaweza kuwa na faida nono, lakini hailazimishi watu wawili kuangaliana usoni, na sisi wa hapa hatuna anasa ya kulidharau hilo.

Ndiyo maana nina ombi kwa walimu wa somo la Biashara. Mnawafundisha wanafunzi sifa za mjasiriamali, na wanazikariri barabara: uvumilivu, ubunifu, kuthubutu. Siku hizi mnawafundisha pia kutangaza bidhaa mtandaoni, na ni vyema. Hebu siku moja wapelekeni sokoni bila senti na bila simu, kisha waambieni kila mmoja arudi na fungu moja la karoti alilokopeshwa na mtu asiyemjua. Wengi watarudi mikono mitupu. Hapo ndipo somo lianze. Mwanafunzi atakayeuliza kwa nini mama muuza karoti alimkopesha mwenzake na yeye akamnyima, atakuwa ameuliza swali ambalo mimi liligharimu misimu miwili ya madeni kulijua.

Nanyi wanafunzi, msiwaamini kupita kiasi wanaowahubiria kwamba siku hizi biashara haihitaji duka, jirani wala mtaji ila simu na intaneti. Hata wao nyuma yao kuna mtu anayelima, anayeshona, anayebeba. Mtu huyo ana siku zake za ndoa na za msiba.

Mimi binafsi nimejiwekea utaratibu, na sijifanyi kwamba umenikaa vizuri. Kuanzia saa moja jioni simu zote mbili hubaki kibandani zikichaji, nami hurudi nyumbani bila kitu mkononi. Siku za Jumamosi huzizima na kupanda kwa wakulima, si kwa ununuzi, bali kwa mazungumzo tu, na iwapo kuna matanga ninakaa hadi watu waondoke. Gharama yake ninaijua. Jumamosi moja mteja wa Kongowea alinipigia mara kumi na moja. Aliponikosa akaagiza kwingine na hajarudi mpaka leo. Wenzangu sokoni wananicheka, na kuna miezi ambayo hesabu za daftari zinawaunga mkono. Mama ameanza tena kunihadithia, ingawa bado husita katikati ya sentensi na kuutazama mkono wangu.

Kwa mzee wa Turi nimekuwa nikienda bila kutaja viazi. Tumezungumza juu ya mvua, juu ya mbegu, juu ya marehemu. Msimu huu, nilipokuwa nikiaga, aliniambia nimtume yule kijana wangu na mizani. Kati ya magunia yake ishirini aliniuzia manne. Yale mengine yalichukuliwa na mwenzangu, ambaye, nimekuja kuambiwa, alichimba kaburi. Nikawambia kijana akae mjini, nikaenda kuyapima mwenyewe.