Mwaridi wa Jabali

Mama mmoja miongoni mwenu ameniletea tawi la mwaridi aliouziwa hapa Maskati kwa jina la mwaridi wa Jabal Akhdar. Anakusudia kuupikia marashi ya harusi ya bintiye. Tawi ni zuri, lakini silo.

Mwaridi wa Jabali ni Rosa damascena, nao ni chotara wa kale. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kwamba asili yake ni miwaridi mitatu: Rosa moschata na Rosa gallica ilichanganyika, kisha mche uliotokana nayo ukapokea chavua ya Rosa fedtschenkoana, wa Asia ya Kati. Jina la Dameski, basi, lisimghuri mtu.

Hutambulikanaje? Anza na shina, maana ua ndilo lidanganyalo. Miiba yake imepinda na haikulingana. Mikubwa imechanganyika na midogo mithili ya sindano. Kila jani lina vijani 5 au 7, vya kijani kilichofifia, na upande wa chini vina malaika laini. Tawi nililoletewa lina miiba michache minene na majani yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Maua ya Jabali huja kwa vishada, rangi ya waridi, petali zapata 30 zilizolegea, juu ya kikonyo chembamba chenye vinywele vinavyonata. Ua moja kubwa lililochongoka juu ya kikonyo kirefu ni la madukani, hata likinukia.

Dalili kubwa ni majira. Mwaridi wa Jabali huchanua mara moja kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, katika vijiji vilivyo kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Uliochanua barazani kwako Desemba utilie shaka.

Jambo hili si la majina tu. Miche ya mapambo aghalabu hunyunyiziwa dawa za wadudu zisizokusudiwa kwa chakula, nasi marashi twayatia katika halua na kahawa. Kwa harusi, heri kuyanunua kwa mkulima mwenyewe.

Atakaye mche wa kweli aombe chipukizi litokalo shinani. Mbegu za chotara hazifuati mama. Lakini ajue kwamba mti huu huhitaji baridi ya kipupwe, na katika joto la pwani maua yake huwa haba.