Tembe la Kwihara ni la Nani?

Reli mpya imeanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ile iliyofika Tabora mwaka 1912 ni ya Wajerumani, na hii ya sasa, iliyofunguliwa kwa abiria mwaka 2024, ndiyo inayojengwa kusogea magharibi. Itakapofika Tabora, wageni watafika pamoja nayo. Watauliza kuna nini cha kutazama. Nasi twajua wataonyeshwa nini kwanza: watapelekwa Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji, na kuambiwa kwamba hii ndiyo nyumba ya Livingstone.

Hatuna ugomvi na marehemu Daktari Livingstone. Alifika Kwihara pamoja na Stanley mwezi Februari 1872, baada ya kukutana Ujiji mwaka uliotangulia. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, na mzee yule akabaki akingojea watu na vyakula mpaka Agosti 25, ndipo akashika njia ya safari yake ya mwisho. Basi alikaa pale miezi sita tu. Twauliza: mtu aliyekaa miezi sita katika nyumba ya kuazimwa, anakuwaje mwenye nyumba kwa miaka mia na hamsini?

Wasomaji wetu wengi wamezaliwa ndani ya tembe, au wamelala ndani yake kwa wajomba zao, kwa hiyo hatuna haja ya kueleza mengi. Tembe halikuletwa na meli. Ni nyumba ya bara, ya Ugogo, Unyaturu na Iramba: nguzo za miti migumu, boriti juu yake, fito juu ya boriti, kisha udongo ulioshindiliwa mpaka ukawa dari na paa kwa pamoja. Paa ni bapa, hata mtu aweza kuanika nafaka yake juu. Waarabu walipokuja Unyanyembe kutafuta pembe, walilikuta jengo hili likifaa kuliko nyumba za makuti za kwao pwani, wakalichukua. Wakanenepesha kuta, wakaongeza baraza ya kupokelea wageni na mlango wa nakshi, wakapanga vyumba kuzunguka ua ili mali na wanawake wasionekane na mpita njia. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857 walipokewa katika nyumba za namna hiyo.

Kuta hizo hazikuwa nene kwa ajili ya ubaridi peke yake. Mwezi Agosti 1871, Mtemi Mirambo alipowashinda Waarabu na kuichoma sehemu ya Tabora, Stanley alikuwa Kwihara, naye akaamuru matundu ya bunduki yatobolewe katika kuta za nyumba aliyopewa. Mirambo hakufika Kwihara. Lakini yafaa mgeni aelezwe kwamba nyumba anayoitazama ilikuwa pia ngome, na kwamba aliyekuwa akiogopwa ndani yake ni Mwafrika aliyetaka biashara ya njia ile isipite mikononi mwa wageni watupu.

Sasa tuje kwa wenye njia. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi, kupitia Mpwapwa na Ugogo, mahali ambapo kila mtemi alidai hongo yake. Hapakuwa na punda wa kutosha wala gari. Mbung'o waliwamaliza wanyama. Kila jora la merikani, kila kifungu cha ushanga na kila pembe ya ndovu ilikwenda juu ya bega la mtu, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini. Katika vitabu vya shule wapagazi hao wamechorwa kama kundi lililofungwa minyororo. Watumwa walipitishwa katika njia ile, na aibu hiyo hatuifichi. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi kwa wingi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walikwenda pwani wakati wa kiangazi baada ya kuvuna, wakiongozwa na kirangozi wao wenyewe. Walipatana mshahara na posho kabla ya kuinua mizigo, na tajiri alipovunja mapatano, walitua mizigo njiani wakagoma. Walifanya hivyo miaka mingi kabla ya chama cho chote cha wafanyakazi kuandikishwa katika nchi hii.

Iko habari moja ambayo kwa maoni yetu ingetosha peke yake kuibadili nyumba ya Kwihara. Watu ambao Livingstone aliwangojea mwaka 1872 walikuwa wapagazi na askari walioandikwa pwani na Stanley. Yeye alipofariki kwa Chitambo mwezi Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao ndio waliokausha maiti yake na kuibeba, wakiongozwa na Susi na Chuma. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron wa Uingereza. Cameron akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Walikwisha kuamua kwamba atarudi kwao, wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Afisa wa Kiingereza alitoa shauri na wapagazi wakalipinga, na wakashinda. Jambo hili lilitokea Unyanyembe, na si kila aingiaye Kwihara analiondokea akilijua.

Sasa kuhusu jengo lenyewe. Lililoko leo si lile la 1872 kwa kila udongo wake. Lilijengwa upya kwa kufuata lile la kale katika siku za mwisho za ukoloni, na tangu mwaka 1964 tunayo sheria ya kuhifadhi mambo ya kale. Wako wanaosema kwamba kwa kuwa si lenyewe, halina thamani. Hatukubaliani nao. Tembe lo lote lililotunzwa limejengwa upya mara nyingi. Mchwa hula nguzo, mvua za Novemba mpaka Aprili hulainisha paa, na mwenye nyumba asiyepanda kuongeza udongo kabla ya masika atalala majini. Boma la Wajerumani laweza kuachwa miaka kumi bila kuguswa, maana ni mawe. Tembe haliwezi kuachwa hata misimu miwili. Linaishi kwa mikono ya watu, na mikono hiyo ndiyo inayopungua. Vijana wa Unyamwezi hujenga kwa matofali na mabati, wala hatuwalaumu, maana bati halivuji. Lakini mzee ajuaye mti gani hauliwi na mchwa na udongo wa kichuguu uchanganywe vipi akifa bila mwanafunzi, basi tutabaki na saruji. Na saruji ikipakwa juu ya ukuta wa udongo huufungia maji ndani mpaka ukamomonyoka kutoka ndani kwenda nje. Kutengeneza kwa namna hiyo ni kubomoa polepole, tena kwa fedha za umma.

Mjini Zanzibar wako watu wanaohangaika ili jumba la senema la Majestic, lililojengwa mwaka 1955 baada ya lile lililotangulia kuteketea kwa moto, lisipotee. Twawaunga mkono. Lakini senema ina wazee wengi walio hai walionunua tikiti mlangoni, nao watalisemea. Mpagazi wa Unyanyembe hana tena shahidi wa namna hiyo. Anayo nyumba hii, na njia yenyewe, ambayo Serikali iliiandikisha mwaka 2006 katika orodha ya kungojea ya Urithi wa Dunia, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, Kwihara ikiwamo. Tangu wakati huo ni miaka mingi ya kungojea. Na hata jina lililoandikwa katika orodha ile ni la watumwa na pembe: vitu vilivyochukuliwa vimetajwa, na waliochukua mizigo kwa ujira hawakutajwa.

Wanachama wa Tabora hawahitaji kufundishwa thamani ya nyumba. Mwezi Januari 1958, TANU ilikutana katika mji huo kuamua kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu uliowekwa na wakoloni kwa hila. Wengi walifika wakiwa na nia ya kususia. Baada ya hotuba ya Mwalimu mkutano ukakubali kuingia, na uchaguzi wa 1958 na 1959 ukaonyesha nani alihesabu sawasawa. Mahali pa uamuzi ule wa busara pamehifadhiwa, wala hapakuitwa kwa jina la gavana aliyekuwapo mwaka ule.

Tunayoomba si makubwa. Kibao cha Kwihara kiandikwe upya, Livingstone atajwe kama mgeni na wapagazi watajwe kama wenye njia. Mafundi wa tembe walio hai watafutwe katika vijiji vya Tabora, Singida na Dodoma, walipwe ujira wa haki, na kila mmoja apewe vijana wawili wa kufundisha. Na paa litazamwe mwezi Oktoba, kabla mvua hazijaanza, si Mei baada ya ukuta kuanguka.