Mayai matatu kichwani, chai kavu tumboni

Haya wajameni, nipo. Kimya cha wiki mbili kilikuwa cha testi, wala si mapenzi kama mnavyonizushia. Leo nilipanga kuwasimulia ya daladala, lakini kuna jambo limetokea humu rumuni Mabibo jana usiku, limenikaa rohoni, nikaona niliseme kabla halijapoa. Wanaume msikimbie, maana na nyie siku hizi mnasuka.

Iko hivi. Juzi rumeti wangu aliniambia hana hela ya kula mpaka bumu litoke. Nikamwelewa, nani humu anayo? Jana saa tatu usiku naingia, namkuta kakaa kitandani na bakuli la plastiki mapajani. Ndani yake mayai matatu, parachichi zima, na asali aliyotumiwa na mama yake kutoka Tabora. Anajipaka kichwani. Kamaliza, kavaa kofia ya kuogea, kanywa chai kavu, kajilaza. Nikamwambia, shoga, hayo mayai si ungeyakaanga? Akanitazama kama nimemtukana: "Mwenzio nalisha nywele."

Baada ya saa nzima akaenda kuyasuuza kwa maji ya moto. Yai likaiva humo humo kichwani. Nimeshinda naye mpaka saa sita namchambua vipande vyeupe kwa chanuo, rumu nzima inanuka, na wala sikucheka. Sawa, nilicheka kidogo.

Lakini hilo neno, "nalisha nywele", ndilo ninalogombana nalo. Unywele ukishatoka nje ya ngozi umekufa. Hauna mdomo, hauna tumbo, hauna damu. Ndiyo maana ukikatwa na mkasi huumii. Kilicho hai ni shina lake, lile lililo chini ya ngozi, na lile linalishwa na damu, na damu inalishwa na unachokula. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, inabaki juu juu mpaka uisuuze. Yai lile lile ukilila, linageuzwa mwilini na kuwa mali ghafi ya nywele zitakazoota. Yaani rumeti wangu alikuwa na chakula cha nywele mkononi, akakipaka mahali pasipokula, halafu akalala na njaa! Na mtu akikosa chakula cha maana muda mrefu, au damu ikipungukiwa madini ya chuma, nywele zinaweza kuanza kudondoka. Hapo ataongeza mayai ya kupaka.

Simlaumu sana. Nani alitufundisha nywele sisi? Mimi nimekuwa na kipara kuanzia darasa la kwanza mpaka fomu siksi, miaka 13, maana shule nilizosoma msichana ni kunyoa tu. Wengi wenu mnaosoma hapa ni hivyo hivyo. Unafika chuo una miaka 20, nywele zinaanza kurefuka, hujui hata zinachanwaje zikiwa kavu na zikiwa mbichi. Mwalimu wako wa kwanza anakuwa dada wa saluni, na yeye anauza.

Sasa niwaambie yangu, ambayo sijawahi kuyaandika humu. Bumu la kwanza la fasti yia nilikwenda kusuka rasta ndogo ndogo, zile za kukaa miezi miwili. Saa saba kwenye stuli. Nilitoka pale macho yamevutika, siwezi kucheka vizuri, usiku nameza Panadol na kulala kifudifudi. Vipele vikatoka mbele. Nikamrudia yule dada, akaniambia nywele zangu "zina kiu", zikifumuliwa aniwekee maski ya protini na stimu, 25,000/=. Nikawekewa. Zikalainika kweli, zikang'aa, nikapiga picha. Nikasuka tena, vile vile, kwa kubana vile vile. Mwaka mzima nikawa nafumua, nawekewa maski, nasuka. Mara tano. Kufika mwaka wa pili pembeni ya uso pote palikuwa panang'aa, ila si nywele zilizokuwa zinang'aa, ni ngozi.

Daktari wa ngozi niliyemwona hakuniuliza hata mara moja napaka nini. Aliuliza, nani anakuvuta nywele? Akaniambia nikiacha kubana sasa hivi, nyingi zitarudi, nikiendelea shina litapata kovu na hapataota kitu tena maisha. Upande wa kulia zimerudi. Upande wa kushoto kuna nafasi kama shilingi 200 mpaka leo, ndiyo maana picha zangu zote mnaniona nimegeukia huku. Na siko peke yangu: mwaka 2007 Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, na wenzake walichapisha utafiti wao wa Cape Town. Karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliopimwa alikuwa na upara huu wa kuvutwa. Kubana na dawa ya kunyoosha vikikutana ndiyo mbaya zaidi, maana dawa inavunja vifungo vilivyoushika unywele kwa ndani, na hakuna parachichi la kuvifunga tena.

Najua mtaniuliza kwenye maoni, mbona na wewe una kopo la maski juu ya kabati? Ninalo. Kila wiki mbili, baada ya kuosha, dakika 20, napaka kwenye urefu wa nywele na hasa nchani, basi. Maski ya dukani ni kondishena nzito. Ina vitu vinavyong'ang'ania pale unywele ulipochubuka, vinateleza, chanuo linapita bila kukata. Hiyo ni kazi ya maana, na nywele zetu za kipilipili zinaihitaji kuliko za wengine. Mafuta ya nazi nayo nayatetea. Bibi yangu Pangani alikuwa anachemsha tui mpaka mafuta yanajitenga, anatupaka kabla ya kutuosha, na wala hakuita maski. Mwaka 2003 watafiti wa India walionyesha kwamba mafuta ya nazi yanapenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea ukiosha. Ya alizeti hayakufanya hivyo. Bibi alikuwa sahihi. Ila Bibi huyo huyo alikuwa akitusuka mikono milegevu, ukilia anafumua anaanza upya. Hiyo nusu ya pili hakuna anayeiuza.

Ndiyo maana nina hasira. Maski imekuwa kama toba ya Jumapili, unabana wiki nzima ukijua utajipaka kitu. Dada wa saluni akikwambia nywele zinakatika kwa kukosa maski, mwulize kwanza yeye anabana kiasi gani. Ukitoka kwenye stuli unaumwa kichwa, rudi zilegezwe siku hiyo hiyo, hata kama ameshapokea hela. Na unywele unaota kama sentimita moja kwa mwezi, atakayekuahidi mabega kufikia graduesheni muulize anahesabuje.

Rumeti hajaniongelesha tangu asubuhi. Kesho ana miadi ya kusuka, na nimeona pembeni ya uso wake pameanza. Trei ina mayai mawili yaliyobaki. Nimeyachemsha, yapo kwenye meza yake na chumvi pembeni.